Kuchafua Garratt Ndogo: Nini Ununue Kwanza, Nini Kisubiri

Mfano wa garimoshi la mvuke ukitoka kwenye boksi hung'aa kama sahani mpya, na mng'ao huo ndio unaoufichua kuwa ni plastiki. Hapa nazungumzia Garratt, injini ndefu za mvuke zenye boila katikati na seti mbili za magurudumu, za daraja la 59 za Reli ya Afrika Mashariki, zile 34 zilizoundwa na Beyer, Peacock kule Manchester mwaka 1955 na 1956, zikapewa majina ya milima yetu na kupakwa rangi ya damu ya mzee. Injini yenyewe ilikuwa na urefu wa karibu mita 32. Kwa kipimo cha 1:87 unabaki na sentimita 36 hivi za kupendezesha au kuharibu.

Kabla ya kutoa hela, jiulize ilichafuka vipi. Injini hizi zilichoma mafuta mazito, si makaa ya mawe, kwa hiyo vumbi la makaa na majivu havina nafasi. Masizi yalitua juu ya boila na kuzunguka dohani. Maji yenye chokaa yaliacha michirizi myeupe chini ya vali za usalama. Fito za magurudumu zililoa oili. Sehemu za chini zilibeba vumbi jekundu la Voi na Tsavo. Kutu ilikuwa kidogo, maana chuma kinachofanya kazi kila siku hakipati nafasi ya kuoza, na baadhi ya madereva walizing'arisha injini zao kwa fahari kubwa. Basi usinunue kopo la rangi ya kutu ya machungwa. Nimeona mifano mingi mizuri ikiharibiwa na kopo hilo moja.

Nafasi ya kwanza: poda za rangi. Anza hapa, hata kama una bajeti ya kitu kimoja tu. Poda hupakwa kwa brashi laini iliyo kavu, na ukikosea unaifuta kwa kitambaa chenye unyevu. Hakuna kifaa kingine kinachokusamehe namna hiyo. Nunua nne: nyeusi iliyofifia, kahawia nzito, nyekundu ya udongo, na nyeupe kidogo kwa ajili ya chokaa. Vallejo na AK Interactive wanauza vichupa vidogo, na kimoja hukaa miaka. Asiyeweza kuagiza anaweza kusaga chaki laini za wachoraji na kupata karibu matokeo yaleyale. Udongo mwekundu wa kweli nao unafaa, ukichekechwa kwa kitambaa chepesi mara mbili tatu. Ila kutu ya kweli iliyokwanguliwa kwenye chuma iache kabisa. Chembe zake huvutwa na sumaku ya mota, na mota ikishazimeza umepoteza zaidi ya rangi. Jambo jingine la kukumbuka: ukipuliza vanishi juu ya poda, nusu yake hutoweka machoni. Paka zaidi ya unavyotaka, au usipulize kabisa kama mfano hautashikwashikwa.

Nafasi ya pili: rangi za mafuta za wachoraji, kwenye tyubu. Tyubu mbili, nyeusi na kahawia iliyoungua, pamoja na white spirit, kiyeyushi cha rangi za mafuta. Zimua mpaka iwe kama chai ya rangi, iache iingie kwenye mistari ya ribiti, halafu vuta kutoka juu kwenda chini kwa brashi safi yenye unyevu kidogo. Mvua na mvuke hushuka, na uchafu lazima ushuke navyo. Rangi hii hukawia kukauka, na ukawiaji huo ndio faida yake katika joto letu: una muda wa kurekebisha. Hakikisha tu kwamba rangi ya chini ni ya akriliki, yaani ile inayozimuliwa kwa maji, na imekauka vizuri, la sivyo white spirit itaila. Kwa fito za magurudumu, acha mchanganyiko uwe mzito na wenye mng'ao, kwa sababu oili mbichi hung'aa hata kwenye injini chafu.

Nafasi ya tatu: akriliki za chupa. Kwa kupaka damu ya mzee upya au kugusia mikwaruzo, hizi ndizo za kwanza. Kwa kuchafua, la. Mchana wa Mombasa au Dar, akriliki hukauka kwenye ncha ya brashi kabla hujafika mwisho wa boila, na huacha alama za duara kama za glasi mezani. Usinunue nyeusi tupu. Chukua kijivu kilichokolea, kwa sababu nyeusi ya dukani kwenye kitu kidogo huonekana kama tundu.

Nafasi ya nne: brashi ya hewa, yaani kifaa kinachopuliza rangi, na kompresa ya kukipa hewa. Hakuna kinacholeta tabaka jembamba la masizi kama hiki, na bado nakishusha hadi hapa kwa sababu ya gharama na mazoezi kinayodai. Ukifika wakati wake, tafuta yenye sindano ya milimita 0.3, na kompresa yenye tangi na kichujio cha maji. Kwenye unyevu wa pwani kichujio ni lazima, maana bila hicho matone yatatemwa juu ya kazi ya wiki nzima. Vaa barakoa.

Nafasi ya mwisho: sprei za kopo. Zinafaa kwa praima (rangi ya kwanza ya chini) na vanishi isiyong'aa, basi. Siku ya mvua usiziguse, kwani vanishi hugeuka ukungu mweupe.

Mifano inayouzwa ikiwa imeshachafuliwa kiwandani sijaipa nafasi. Unalipia uchafu wa injini ambayo si yako, na kuuondoa ni kazi kuliko kuupaka.

Chochote utakachochagua, unganisha waya ili magurudumu yazunguke wakati unapaka. Yakisimama, fito huacha vivuli safi nyuma yake, na vivuli hivyo huonekana injini ikisogea nusu mzunguko tu. Kisha futa nyuso za magurudumu zinazogusa reli, pamoja na vipande vinavyopokea umeme, kwa pamba na spiriti, kabla rangi haijakauka.