Itoya, Ginza: ghorofa ya kalamu imenimaliza

Kama unapenda kalamu za wino, zile za kujaza, na safari yako inapita Tokyo, tenga nusu siku kwa ajili ya Itoya, duka la vifaa vya kuandikia lililoko eneo la Ginza. Tenga na hela, maana hutoki mikono mitupu.

Sisi hatukuwa tumepanga. Tulikuwa tunazurura Chuo-dori, ule mtaa mkubwa wa Ginza ambao mchana wa Jumamosi na Jumapili hufungwa magari yasipite, watu wakatamba katikati ya barabara. Nikaona kibanio cha karatasi chekundu, kikubwa, juu ya mlango: alama ya Itoya. Mke wangu alinijua usoni. "Dakika ishirini, baba Neema. Watoto wana njaa."

Usifikirie steshenari ya kwetu yenye mashine ya fotokopi mlangoni. Itoya ipo tangu 1904, na jengo hili la sasa la ghorofa 12 lilifunguliwa 2015. Kuna sehemu ya kadi na barua yenye meza ya kuandikia na sanduku la posta papo hapo. Mama mkwe aliishia huko, akimwandikia shoga yake wa Tanga. Ghorofa ya 11 wanaotesha mboga za majani ndani kwa ndani, na mgahawa ulio juu yake ndio unaoziandaa. Suala la njaa likaisha hivyo, na mimi nikapata muda.

Kalamu ziko ghorofa ya tatu (kwao ya chini ndiyo ya kwanza). Unaonyesha unayoitaka, mhudumu anaichovya kwenye wino, anakukabidhi uandike. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kuchagua kalamu kwa picha za mtandaoni ni kubahatisha. Nimezoea Lamy ya Ujerumani yenye nibu (ncha ya kuandikia) ya F, yaani nyembamba. F ya Kijapani ni nyembamba kuliko hiyo, inakaribia EF (nyembamba zaidi) ya Wazungu, na sababu ni maandishi yao wenyewe: herufi moja ina mistari kibao ndani ya nafasi ndogo, wino mnene ungeifunika yote.

Nilijaribu za Kijapani: kwanza Sailor, ambayo hukwaruza karatasi kidogo kama penseli. Wapo wanaoisifia kwa hilo hilo, mimi hapana. Pilot Custom 74 inateleza vizuri mno. Lakini moyo ulitua kwenye Platinum 3776 Century, iliyopewa jina kwa urefu wa Mlima Fuji, mita 3,776. Nibu ni dhahabu ya karati 14, na ndani ya kifuniko kuna kifuniko kingine kidogo chenye springi kinachoziba kabisa. Kampuni inasema wino haukauki hata ukiiacha miaka miwili. Kwa joto la Dar, na mtu anayesahau kalamu droo ya ofisini, hiyo kwangu ina thamani kuliko dhahabu yenyewe.

Neema alichukua Pilot Kakuno, yen elfu moja na ushee tu. "Baba, inacheka!" Kweli, nibu imechorwa uso unaotabasamu, nao humsaidia mtoto kujua upande upi ukae juu. Kusema kweli, kwa anayeanza, Kakuno inatosha kabisa. Ya dhahabu ni anasa, na ninaijua kuwa anasa.

Ushauri mmoja: nenda na daftari unalotumia nyumbani. Karatasi za kujaribia pale dukani ni nzuri kupita kiasi, kila kalamu inapendeza juu yake. Mimi niliomba kuandika kwenye kaunta buku la matumizi la mke wangu, na kalamu mbili nilizokuwa nimezipenda zikaanza kusambaza wino na kutokeza nyuma ya ukurasa.

Wino wa Iroshizuku, chupa ya mililita 50, ufunge kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kuuweka kwenye begi. Na kalamu ya kupanda nayo ndege iwe tupu au imejaa pomoni. Ikiwa nusu, hewa iliyo ndani hutanuka ndege inapopaa na kuusukuma wino nje, shati jeupe likaharibika.