Majira, sindano, vijiti, kitanzi: tathmini kwa upande wa titi

Kwenye dirisha la uzazi wa mpango Mtwara mjini, swali linalonong'onwa si la bei, kwa kuwa vituo vya serikali hutoa njia hizi bure. Ni hili: "Nesi, hii haitaniletea kansa ya titi?" Anayejibu "hata kidogo" anakosea, na anayejibu "ndiyo, achana nazo" anakosea zaidi.

Majira kwanza, yaani vidonge vya kila siku. Pakiti ya Microgynon yenye vidonge 28 ina 21 vya homoni: kila kimoja mikrogramu 30 za estrojeni ya kiwandani na 150 za levonojestreli, homoni ya kiwandani inayofanya kazi kama projesteroni ya mwilini. Vile 7 vya kahawia ni madini ya chuma tu. Titi lina vipokezi vya homoni zote mbili. Estrojeni hukuza vijia vya maziwa, projesteroni huzisukuma seli zigawanyike, na ndiyo maana matiti hujaa na kuuma siku chache kabla ya hedhi. Seli inapogawanyika hunakili maelezo yake yote, na makosa ya kunakili hutokea hapo. Iliyokwisha kuharibika nayo husukumwa ikue.

Utafiti wa Denmark wa 2017, uliofuatilia wanawake wapatao 1,800,000, uliona hatari imepanda kwa asilimia 20 hivi kwa wanaotumia homoni. Namba hiyo inatisha mpaka uigeuze kuwa watu: mgonjwa mmoja wa ziada kwa kila watumiaji 7,690 kwa mwaka. Kwa binti wa miaka 22 nyongeza ni punje, maana umri huo ugonjwa wenyewe ni nadra. Kwa mama wa miaka 43 punje hiyo inakua. Ukiacha, hatari hushuka pole pole, na miaka 10 baadaye tofauti haionekani. Majira hayo hayo hupunguza saratani ya ovari na ya mji wa mimba, jambo ambalo dirishani halitajwi kabisa. Kosa tunalolilaumu ni kumpa pakiti hii mama anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi 6, kwani estrojeni inaweza kupunguza maziwa. Huyo apewe vidonge vya homoni moja.

Sindano ya Depo-Provera, miligramu 150 kila miezi 3, wengi huiona nyepesi kwa titi kwa kuwa haina estrojeni. Sivyo. Utafiti wa Uingereza wa 2023 ulikuta njia za projestojeni pekee, yaani homoni za jamii ya projesteroni bila estrojeni, zina nyongeza inayokaribiana na ya majira. Huku kwetu shida yake kubwa ni kalenda. Tarehe ikiangukia Oktoba, mwenye kadi yuko Tandahimba anaokota korosho, kituo kiko mbali, na mimba inaingia. Sindano inaweza kuwahishwa wiki 2, na ikichelewa bado inachomwa ndani ya wiki 4. Basi kadi isomwe kabla ya kupanda gari la shamba.

Vijiti vina maneno machache: Implanon ni kimoja cha miaka 3, Jadelle ni viwili vya miaka 5. Kwa titi ni ndugu wa sindano, ila havina tarehe ya kusahau.

Kitanzi cha shaba tunakipa alama ya juu. Hakina homoni hata chembe, hukaa miaka 10 na zaidi, na hata mwenye saratani ya titi anaruhusiwa. Bei yake ni hedhi nzito na maumivu, hasa miezi 3 hadi 6 ya mwanzo. Mwenye damu pungufu alipime hilo.

Huduma yenyewe inapungua kwenye maswali. Presha huulizwa, titi halifikiwi. Mama au dada kuugua kansa ya titi hakumzuii mtu kutumia homoni, ingawa wapo wanaorudishwa nyumbani kwa sababu hiyo. Anayeugua saratani ya titi sasa, hapana kabisa. Aliyepona, hata miaka 5 ikipita, kwa kawaida hashauriwi. Mwenye uvimbe usiojulikana anaweza kuanza njia, lakini uvimbe ukapimwe haraka. Na zile krimu za kukuza matiti zinazouzwa sokoni bila maandishi ya kilichomo, hatuzipi alama: huwezi kupima hatari ya kitu usichokijua.

Uvimbe mgumu kama kokwa kwenye titi, ngozi iliyobonyea, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu: usisubiri pakiti iishe. Nenda ukaombe barua ya rufaa ya kwenda Ligula, hospitali ya mkoa wa Mtwara, wiki hiyo hiyo.