Christen Eagle II katika hewa ya Malindi: kagua haya kabla ya kutoa pesa

Hamjambo watazamaji, karibuni Malindi. Leo twaichambua Christen Eagle II, ndege ya sarakasi za angani yenye mabawa ya ghorofa mbili na viti viwili. Iliuzwa kwa vipande, ukajijengea bandani mwako. Mbunifu wake ni Frank Christensen wa Marekani, na iliruka mara ya kwanza 1977, ikija kuikabili Pitts, ndege nyingine ya sarakasi iliyokuwa ikitamba wakati huo. Yale manyoya ya tai yaliyochorwa ubavuni ndiyo yanayowapumbaza wanunuzi. Sisi tuyapite, twende kwenye mifupa, maana kwa chumvi hii ya pwani bei yote iko huko.

Vipimo kwa haraka. Bawa ni mita 6.07 ncha hadi ncha, urefu mita 5.64. Injini ni Lycoming AEIO-360 ya nguvu za farasi 200, na propela inajibadilisha pembe yenyewe. Uzito wake tupu kitabuni ni kilo 465, uzito wa juu kabisa kilo 716. Sasa piga hesabu nami: zimebaki kilo 251. Jaza petroli, lita 95 hivi, umeshakula kilo 68. Ondoa parashuti mbili, tuseme kilo 16. Watu wawili wamebakiwa na kilo 167, yaani 83 kila mmoja na nguo zake. Na hiyo ni ndege iliyojengwa kwa nidhamu! Mjenzi akizidisha rangi, redio na makochi ya ngozi, anakula kilo za abiria. Kwa hivyo usikubali karatasi ya uzito ya miaka iliyopita. Ipimwe upya kwenye mizani, wewe ukitazama.

Haya, mifupa. Kiwiliwili ni mabomba ya chuma cha kromoli (chuma kilichochanganywa na kromi na molibdenamu) yaliyochomelewa. Kutu haianzi unapoiona. Huanza ndani ya bomba, na hasa mabomba marefu ya chini karibu na gurudumu la mkia, kwa sababu maji yote hushukia huko ndege ikiwa imeegeshwa. Muulize mjenzi kama alipitisha mafuta ya kitani ndani ya mabomba kabla ya kuyaziba. Akikutolea macho, toboa kitambaa cha chini pale mkiani uchungulie. Kiraka ni kazi ndogo, bomba lililooza si kazi ndogo.

Mabawa ni ya mbao: boriti na mbavu, juu yake kitambaa cha poliesta kinachokazwa kwa pasi, mara ya mwisho kwenye nyuzijoto 177 za Selsiasi. Ukinunua mradi uliokwama katikati, na hiyo ni miradi ya kuvutia kwa bei, jua kwamba mbao za ndege hugundishwa zikiwa na unyevu wa asilimia 8 hadi 12. Mbao zilizolala stoo wazi hapa pwani hupita kiwango hicho bila shida. Zitie kwenye chumba kikavu, pima kwa kipima-unyevu, ndipo ufungue gundi. Kwa ndege iliyokamilika, angalia vitundu vya kutolea maji chini ya bawa. Vikiwa vimezibwa na rangi, shuku mbao zilizo ndani.

Nyaya za mabawa zina kazi mbili. Zile zinazopanda kutoka kiwiliwilini kwenda bawa la juu hubeba mzigo unapovuta kijiti cha kuongozea ndege. Zile zinazoshuka kwenda bawa la chini hubeba unaposukuma, kichwa kikiwa chini. Kwa kawaida waya haukatiki katikati, hukatika kwenye uzi wa skrubu mwishoni, kwa sababu ya mtetemo. Basi kagua vile vipande vinavyozishikanisha pale zinapopishana. Kimoja kikilegea, waya unaimba, na waya unaoimba unajichosha.

Propela nayo isikupite. Mibiringiko ya ghafla huipinda flanji ya krankishafti, yaani kisahani cha mwisho wa mhimili wa injini kinachofungiwa propela, na propela nzito ya chuma huzidisha mzigo huo. Historia ya ukaguzi wa flanji iwe imeandikwa. Maneno ya mdomo hayatoshi.

Mfumo wa oili ni kitu cha kupenda. Ndani ya vali mna vitufe vizito vya duara. Ukiwa sawa, oili inavutwa kutoka sampu, beseni la oili chini ya injini. Ukipinduka, vitufe vinadondoka, vinaziba njia hiyo na kufungua ya juu, ambako oili imekimbilia. Mshale wa presha ukicheza kidogo wakati wa kugeuka, usihangaike. Ukikaa sifuri, rudi sawa mara moja. Sababu ya kawaida ni vitufe kunasa kwenye uchafu au bomba la mpira la upande wa kuvuta kupitisha hewa. Upande wa petroli, ndani ya tangi mna bomba laini lenye kizito linalofuata petroli iendako. Likikakamaa kwa uzee halifuati tena, na injini hukohoa kichwa chini.

Kwa mashindano? Majaji hukata pointi moja kwa kila nyuzi 5 za kosa, na Eagle inachora mistari safi hadi daraja la kati. Juu ya hapo mabawa haya ya ghorofa hula kasi, na ndege za bawa moja kama Extra 300 zitakuacha kwenye mistari ya wima. Faida yetu ni hewa nzito ya usawa wa bahari: injini hii isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) hupoteza karibu asilimia 17 ya nguvu kwenye kimo cha uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi.

Kutua ndiko kwenye mitihani. Pua inakuzuia kuona njia, hivyo njoo kwa kukata kona au kwa kuteleza ubavu. Kusi inaendana vizuri na njia ya kurukia namba 17 ya uwanja wa Malindi. Kaskazi ikivuma, njia ya 35 inakupa upepo wa ubavuni wa nyuzi 50 na ushee, na gurudumu la mkia halisamehe miguu mizembe.

La mwisho, injini ya moto saa saba mchana. Petroli imegeuka mvuke mabombani. Usiongeze petroli: mchanganyiko (kidhibiti cha petroli na hewa) ukiwa umefungwa kabisa, fungua kaba, yaani kidhibiti cha nguvu, kiasi cha nusu inchi, piga stata, ikishika tu sukuma mchanganyiko taratibu. Ukiifurisha petroli, kaba wazi yote, mchanganyiko umefungwa, stata tena. Stata ikichoka, iache ipoe. Fungua kifuniko cha injini, ukanywe madafu.