Sola ya kinyozi, Free Area: miezi 8 baadaye

Mimi ni kinyozi hapa Free Area, Nakuru. Stima ikipotea wakati kichwa cha mteja kimenyolewa nusu, hamna la kumwambia. Na huniuma zaidi kwa sababu nikisimama mlangoni nauona mlima Menengai, ambako tangu 2023 kuna mtambo wa megawati 35 unaofua umeme kwa mvuke wa ardhini.

Basi nikaenda duka moja la sola karibu na soko la Wakulima. Paneli 2 za wati 450, betri ya lithiamu, inveta (inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa stima), nyaya na kazi ya fundi: shilingi 128,000. Dada wa kaunta aliandika kila kitu ninachotumia, akafika kwenye hita ya maji akaikata kwa kalamu. "Hii iache kwa stima, kaka. Itakumalizia betri kabla ya saa sita." Angeweza kuniuzia betri ya pili, hakufanya hivyo.

Nikamuuliza mbona bei haitulii. Akaigeuza paneli, akanionyesha kibandiko: China. Huko ndiko zinakotoka paneli nyingi duniani, na Desemba 2024 serikali yao ilipunguza kodi inayowarudishia wanaouza nje, kutoka asilimia 13 hadi 9. Uamuzi wa Beijing, mimi nauhesabia Nakuru! China ndiyo iliyokopesha kituo cha sola cha Garissa, Japani ikakopesha mtambo wa mvuke wa Olkaria V. Anayekukopesha mtambo anapata rafiki, na viwanda vyake vinapata soko. Sina ugomvi nao, taa zimewaka. Ugomvi wangu ni na sisi wenyewe: 2020 Bunge letu liliondoa msamaha wa VAT kwa vifaa vya sola, 2021 likaurudisha. Wao wanapanga miaka ishirini mbele, sisi tunabadilisha kila bajeti.

Kasoro ipo. Mwezi wa pili inveta ilizima, ikaandika 07, namba ya hitilafu. Kitabu chake ni Kichina kitupu. Fundi alichukua siku 4 kufika, na siku 4 kwangu ni kodi ya chumba. Alibadilisha feni bila malipo, risiti ilitosha.

Nawapa nyota 4. Juzi nilipita kuwaomba karatasi moja ya Kiswahili yenye maana ya hizo namba. Dada akavuta daftari, akaanza na 07 palepale.