Uzoefu wangu wa kupeleka sarafu adimu kupangiwa daraja

Nimetumia huduma ya kampuni moja kubwa ya kupanga madaraja ya sarafu, yaani kuhakiki kama ni halali na kupima hali yake, na maoni yangu ni kwamba kinachostahili kulipiwa humo ni uhakiki wa uhalali wa sarafu. Namba ya daraja inayoandikwa kwenye lebo, ambayo wengi wetu huikimbilia kabla ya kusoma kitu kingine, ni maoni ya wataalamu na inafaa isomwe hivyo.

Sarafu niliyoipeleka kwa hamu kubwa zaidi ni dime (senti kumi) ya Marekani ya 1916 yenye alama ya D, yaani iliyotengenezwa katika kiwanda cha Denver. Mwaka huo Denver ilitoa dime 264,000 tu za muundo uliokuwa mpya, uitwao Mercury, ilhali kiwanda cha Philadelphia kilitoa zaidi ya milioni 22 za muundo huo zisizo na alama yoyote ya kiwanda. Pengo la bei kati ya aina hizo mbili limewavutia matapeli tangu zamani, kwani huchukua dime ya kawaida ya Philadelphia na kubandika herufi D ndogo upande wa nyuma, kisha wakaiuza kama ya Denver. Sarafu ya namna hiyo haiumbuliwi na mizani, kwa sababu madini yake ya fedha ni halisi, kipenyo chake ni sahihi, na uzito wake ni zile zile gramu 2.5. Anayeweza kuitambua ni mtu aliyekwisha kuona D halisi nyingi, anayejua umbo la herufi hiyo na mahali pachache ilipogongwa, na mwenye hadubini ya kutafuta mshono pale inapokutana na uso wa sarafu.

Dime yangu ilikuwa imechakaa sana, tarehe inasomeka lakini ukingo umeanza kumezwa, na kila mfanyabiashara niliyemwonyesha alikuwa na jibu lake. Kampuni iliithibitisha kuwa halali na kuipa daraja la chini, kama hali yake ilivyostahili. Daraja hilo halikunishughulisha hata kidogo. Kwa sarafu hii kulikuwa na swali moja tu, nalo likajibiwa na watu wasiokuwa na nia ya kuinunua wala kuniuzia.

Utaratibu wa kupeleka ni wa kuchosha kidogo lakini unaeleweka. Mteja hujiunga na kampuni moja kwa moja au hupitia kwa mfanyabiashara aliyeidhinishwa, hujaza fomu inayotaja kila sarafu na thamani anayoikadiria, kisha huchagua kiwango cha huduma, na ada hupanda kadiri thamani inavyopanda. Sarafu husafirishwa katika vifuko visivyo na PVC, kwa kuwa plastiki hiyo hutoa utando wa kijani unaoila sarafu, na bima ya posta si jambo la kubania. Huko huangaliwa na zaidi ya mpangaji mmoja, kila mmoja akitoa uamuzi wake bila kujua mwenye sarafu ni nani, kisha hufungiwa katika kasha gumu la plastiki lenye lebo na namba ya utambulisho. Nilisubiri muda mrefu kuliko nilivyoahidiwa, na barua za kuulizia zilijibiwa kwa maneno yale yale ya jumla.

Sasa niseme juu ya namba. Kipimo cha 1 hadi 70 kilitungwa na William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za kale za Marekani, na baadaye kikaenezwa kwa sarafu za aina zote. Kuanzia 60 hadi 70 ni sarafu ambazo hazikuingia katika mzunguko, na ndani ya ngazi hizo kumi na moja ndimo ugomvi wote ulimo. Dola yangu ya Morgan, sarafu ya fedha ya dola moja, ya 1881 kutoka kiwanda cha San Francisco ilipewa 64. Mimi niliiona ni 65, na hadi leo nikiizungusha chini ya taa na kuona mng'aro wake ukizunguka kama mkono wa saa, sijabadilisha mawazo. Wapo wakusanyaji wanaovunja kasha na kuirudisha sarafu ile ile wakitumaini namba ya juu zaidi, na wakati mwingine huipata, jambo ambalo linaeleza vya kutosha namba hiyo ni kitu gani. Dola za mwaka na kiwanda hicho zilitengenezwa zaidi ya milioni 12, nyingi zikiwa nzuri sana, kwa hiyo ada niliyolipa haikuongeza chochote cha maana kwenye thamani ya yangu.

Krauni (sarafu ya shilingi tano) ya Uingereza ya 1845, ambayo muuzaji aliieleza kuwa haijawahi kuguswa, ilirudi bila namba, lebo ikisema tu kwamba ni halali lakini ilisafishwa. Ukiiinamisha kwenye mwanga wa pembeni unaona mikwaruzo myembamba inayokwenda upande mmoja, nayo ndiyo alama ya kitambaa au dawa ya kung'arishia. Uamuzi ni wa haki. Ninachowalaumu ni uchache wa maelezo, maana aliyelipa ada kamili anastahili angalau sentensi moja ya kumwonyesha kasoro iko wapi.

Kampuni kubwa za kazi hii, kama PCGS iliyoanza kupanga madaraja mwaka 1986 na NGC iliyoanzishwa 1987, hutoa dhamana kwamba zikithibitika kukosea, mwenye sarafu hufidiwa kwa masharti yaliyoandikwa. Masharti hayo yasomwe kabla ya kulipa, hasa na wenye sarafu za shaba, kwa kuwa shaba hubadilika rangi hata ikiwa ndani ya kasha. Makasha yenyewe nayo hughushiwa. Anayenunua sarafu iliyokwisha kufungwa aingize namba ya lebo kwenye tovuti ya kampuni na kulinganisha picha, ikiwepo, na sarafu iliyo mbele yake, akitazama mikwaruzo na madoa, kwa sababu hata mghushi anaweza kunakili namba ya kweli.

Thaler yangu ya Maria Theresa, sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya malkia huyo wa Austria, sikuipeleka. Nyingi mno kati ya thaler hizo zina tarehe ya 1780, ingawa ziliendelea kutengenezwa kwa tarehe hiyo hiyo katika miji kama Vienna, Roma, London na Bombay kwa vizazi kadhaa, na nyingi ya hizo za baadaye huuzwa kwa bei iliyo karibu na ya fedha iliyomo. Ada ingezidi thamani yake. Nitaipeleka ikiwa tu bruchi ya malkia na manyoya ya mkia wa tai, nikivilinganisha na picha za minada, vitaonyesha kuwa ni miongoni mwa zile za awali. Na hapo nitaomba wanihakikishie toleo, si hali yake.