God, Freedom, and Evil cha Alvin Plantinga: kitabu chembamba, kazi moja

Anayenunua kitabu hiki akitaraji kuelezwa kwa nini Mungu aliacha mtoto fulani afe, au kwa nini tetemeko lilifukia mji huu likauacha ule, atakifunga na uchungu kuliko ule aliokifungulia. Plantinga, mwanafalsafa Mkristo wa Marekani, hakukiandika kwa ajili hiyo, na analisema jambo hilo waziwazi: aliyemo ndani ya msiba anahitaji mchungaji wa kukaa naye, mantiki haitamfaa kitu. Kazi ya kitabu ni finyu kuliko hapo: kuonyesha kwamba kuwepo kwa uovu hakupingani kimantiki na kuwepo kwa Mungu. Ndani ya ufinyu huo, ni vigumu kupata kitabu kifupi kinachoifanya vizuri zaidi.

Kilitoka mwaka 1974, na toleo linaloonekana zaidi madukani ni la wachapishaji Eerdmans lenye kurasa 112. Wembamba huo usimdanganye mtu. Mwaka huohuo Plantinga alichapisha The Nature of Necessity, kitabu kizito cha wataalamu, na hiki ni hoja zilezile zilizopunguzwa alama za kimantiki ili msomaji asiyesomea falsafa aweze kuzifuata. Kuzifuata anaweza, ila kwa kalamu mkononi. Mwandishi anazipa kauli zake namba, kisha kurasa kumi mbele anataja namba tu bila kurudia kauli yenyewe. Asiyeziandika pembeni hupotea njia hapo, akadhani hoja ndiyo ngumu, kumbe amesahau tu namba fulani ilisema nini.

Anayejibiwa ni J. L. Mackie, mwanafalsafa mkanamungu aliyeandika katika jarida la falsafa la Mind mwaka 1955. Mackie hakuishia kusema kwamba maovu yanatia shaka. Alidai kuwa muumini anajipinga mwenyewe. Mungu ni muweza wa yote. Mungu ni mwema kabisa. Uovu upo: shika mawili yoyote kati ya hayo, la tatu litakuponyoka. Dai hilo ni kubwa mno, kwa sababu likiwa kweli hakuna haja ya kuhesabu vita na njaa. Maumivu ya jino moja katika ulimwengu mzima yangetosha kuthibitisha kwamba Mungu hayupo.

Sura za mwanzo zinaonyesha kwamba kauli hizo tatu, zikiwekwa pamoja peke yake, hazigongani. Ili zigongane inabidi ziongezewe nyingine, na hizo za kuongezea ziwe kweli za lazima, yaani zisizoweza kuwa uongo kwa hali yoyote. Mackie alizitoa: kilicho chema huondoa uovu kadiri kiwezavyo, na muweza wa yote hana mpaka wa anachoweza. Plantinga anaishika ya kwanza na kuibana. Rafiki yako ameishiwa mafuta njiani kwenye baridi kali, nawe unayo mafuta nyumbani lakini huna habari. Je, wewe ni mwovu? La. Basi tuongeze sharti la kujua. Sasa tuseme unajua, lakini huwezi kumwokoa huyu bila kumwacha mwingine aangamie. Tuongeze sharti jingine. Kila marekebisho yanairefusha kauli, na mwisho wake inafika mahali ambapo ama si kweli ya lazima tena, ama haizai mgongano uliotafutwa. Sehemu hii ni kavu, lakini isirukwe. Inamfundisha msomaji kuuliza swali ambalo mijadala mingi ya dini hulikwepa: huo mgongano uko kati ya kauli ipi na ipi hasa?

Baada ya kuonyesha kwamba mgongano haujathibitishwa, Plantinga anapiga hatua zaidi na kutaka kuthibitisha kwamba haupo kabisa. Mbinu yake lazima ieleweke vyema, maana wakosoaji wengi wa mtandaoni huanguka hapa. Ukitaka kuonyesha kwamba kauli A na kauli B zinaweza kuwa kweli kwa pamoja, tafuta kauli C inayopatana na A, kisha uonyeshe kwamba A na C zikiwa kweli, B inafuata. C haihitaji kuwa kweli. Haihitaji hata kuwa na dalili ya ukweli. Inatosha iwezekane. Kwa hiyo anayesoma C ya Plantinga na kusema “mimi siamini hivyo” bado hajamjibu. Hii ndiyo tofauti kati ya utetezi na teodisia: teodisia inataka kusema sababu ya Mungu ni ipi, utetezi unasema tu sababu inaweza kuwa ipi.

C yenyewe inajengwa juu ya uhuru. Kwa Plantinga, mtu yuko huru katika tendo iwapo hakuna sheria ya maumbile wala tukio lililotangulia linaloamua kwamba atalitenda au ataliacha. Viumbe walio huru hivyo, na wanaotenda mema zaidi ya mabaya, wana thamani kuliko viumbe wasio na uhuru. Lakini Mungu akiwasababisha watende mema tu, uhuru umekwisha. Mackie aliuliza swali lake kali papo hapo: kama inawezekana mtu huru achague jema mara moja, na inawezekana achague jema kila mara, kwa nini Mungu hakuwaumba watu wa namna hiyo tangu mwanzo?

Kurasa zinazojibu swali hilo ndizo thamani ya kitabu kizima. Leibniz, mwanafalsafa Mjerumani, katika kitabu chake Teodisia cha mwaka 1710, alishikilia kwamba Mungu aliuchagua ulimwengu ulio bora kuliko zote zinazowezekana, na ulimwengu unaowezekana hapa ni namna nzima ambayo mambo yote yangeweza kuwa. Mackie hakubaliani naye katika hitimisho, ila wote wawili wanadhani kwamba ulimwengu wowote unaowezekana, Mungu anaweza kuuleta. Plantinga analiita hilo kosa la Leibniz, na kulifichua anatumia meya wa kubuni wa Boston, Curley Smith, anayepinga barabara kuu itakayobomoa kanisa la kale. Curley amepokea rushwa ya dola 35,000 na kunyamaza. Aliyemhonga anakesha akijiuliza: je, angekubali dola 20,000?

Tuseme jibu la kweli ni kwamba angekubali. Upo ulimwengu unaowezekana ambamo Curley, akiwa huru, anazikataa zile 20,000. Hauna ukinzani wowote ndani yake. Lakini Mungu hawezi kuuleta. Ili auletee uwepo itabidi amweke Curley katika hali ileile, ampe ofa ileile, amwachie hiari yake, na Curley akiachiwa hiari yake atapokea. Akimzuia mkono, ulimwengu utakaopatikana ni mwingine, ule ambamo Curley hakuwa huru. Kosa la kawaida hapa ni kudhani kwamba uwezo wa Mungu umepunguzwa. Haukupunguzwa. Kumlazimisha mtu atende kwa hiari ni ukinzani wa maneno, na ukinzani si kitu ambacho uwezo unashindwa kukifanya. Anayekwama achore mstari mmoja unaofika kwenye nukta ya ofa kisha unagawanyika mara mbili, “anapokea” na “anakataa”, na aweke alama ni sehemu gani ya mchoro iko mikononi mwa Mungu na ipi iko mikononi mwa Curley.

Kutoka hapo anaenda kwenye dhana ya upotovu unaomfuata mtu katika kila ulimwengu. Labda Curley yuko hivi: katika hali yoyote ambayo Mungu angemwachia uhuru, angekosea walau mara moja. Na labda kila mtu ambaye Mungu angeweza kumuumba yuko hivyo. Ikiwa hilo linawezekana, basi inawezekana kwamba Mungu hakuweza kuumba ulimwengu wenye wema wa kimaadili bila uovu wa kimaadili. Neno linalobeba uzito wote ni “inawezekana”. Kwa wanaosema uovu kidogo sawa, ila huu umezidi, Plantinga anabuni kipimo anachokiita turp na kuchukulia kwamba ulimwengu una turp 10¹³ za uovu, kisha anaonyesha kwamba hoja ileile inasimama kwa kiasi chochote.

Kwa maovu yasiyotoka mikononi mwa watu, kama tetemeko na ugonjwa, anapendekeza kwamba inawezekana yanatokana na matendo huru ya Shetani na wenzake. Wasomaji wengi hulicheka jibu hili. Hawalitendei haki, maana Augustino, mwanateolojia wa Kanisa la kale, alilishika kama kweli, ilhali Plantinga anahitaji uwezekano wake tu, na hakuna aliyeonyesha kwamba haliwezekani. Hata hivyo, jibu hili halimsogezi hatua yoyote mtu anayeuliza lipi lina uelekeo wa kuwa kweli.

Kasoro zipo, na mnunuzi azijue. Ya kwanza ni namna anavyowapuuza wanaoshikilia kwamba uhuru unaweza kukaa pamoja na kuamuliwa na sababu zilizotangulia. Anawajibu kwa mfano wa mfungwa: ni sawa na kudai kuwa jela haipunguzi uhuru kwa sababu mtu huyo, kama asingekuwa jela, angetembea apendako. Mfano unachoma, lakini hautoshi kwa msimamo wenye historia ndefu kiasi hicho. Mkristo anayefundishwa kwamba Mungu amekwisha kupanga kila tendo, na Mwislamu wa madhehebu ya Ashari anayeamini kwamba Mwenyezi Mungu huumba tendo na mja hulichuma tu kwa kasb, yaani hulifanya kuwa lake bila kuliumba, hawawezi kuuazima utetezi huu mpaka wakubali kwanza maana ya uhuru iliyomo. Aliyelelewa katika fikra za Mu'tazila, wanaoshikilia kwamba mja huunda matendo yake mwenyewe, ataiona maana hiyo kuwa karibu naye zaidi. Kitabu hakiwasemeshi wasomaji wa ilmul-kalam, elimu ya itikadi ya Kiislamu, kabisa, na kwa hadhira yetu hilo ni pengo halisi.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Kweli ile kwamba Curley angekubali dola 20,000 inasimama wapi kabla Curley hajaumbwa? Mwanafalsafa Robert Adams aliuliza swali hilo mwaka 1977: ni nini kinachoifanya iwe kweli? Mackie naye, katika kitabu chake cha mwaka 1982, aliuliza inakuwaje kabla ya uumbaji kuwe na mambo ambayo Mungu muweza wa yote anayakuta tu na kulazimika kuyakubali. Kitabu hakina jibu. Mwaka 1998 Daniel Howard-Snyder na John O'Leary-Hawthorne waliongeza kwamba hatuna sababu ya kutosha kuamini kuwa upotovu wa watu wote katika kila ulimwengu unawezekana kweli, na mwaka 2009 Plantinga mwenyewe alirudi kwenye dhana hiyo kuikarabati.

Sehemu dhaifu kuliko zote ni kurasa chache kuhusu uwezekano, yaani kama maovu, hata yasipothibitisha lolote, yanafanya kuwepo kwa Mungu kuonekane jambo la mbali. Miaka mitano baadaye, 1979, William Rowe alihamishia mjadala wote huko. Rowe, mkanamungu, alikiri kwamba ukishakubali uhuru usioendana na kuamuliwa, hoja ya Plantinga dhidi ya Mackie ina nguvu. Kisha akaleta mtoto wa swala aliyeungua katika moto wa msitu, akalala kwa maumivu siku kadhaa kabla ya kufa, bila mtu yeyote kuona. Hakuna hiari ya mtu iliyolindwa hapo. Makala ya Rowe ni fupi, na kusoma Plantinga bila kuisoma ni kusikiliza upande mmoja wa kesi.

Kuna sehemu moja inayosahaulika na ambayo inafaa kila anayebishana kuhusu kadari: ile ya Mungu kujua yajayo. Kauli mbili zinafanana kwa sauti. Moja inasema: ni lazima kwamba, ikiwa Mungu anajua Juma atasema uongo kesho, Juma atasema uongo kesho. Nyingine inasema: ikiwa Mungu anajua Juma atasema uongo kesho, basi Juma atasema uongo kwa lazima. Ya kwanza ni kweli na haimfungi Juma. Ya pili inamfunga, lakini haitokani na ya kwanza. Ugomvi mwingi wa misikitini na makanisani juu ya majaaliwa unayeyuka papo hapo. Plantinga anaendelea na hoja nzito zaidi ya mwanafalsafa Nelson Pike ya mwaka 1965, kwamba kama Mungu alijua tangu zamani, Juma hawezi kutenda vingine, na jibu la Plantinga ni kwamba Juma akijizuia, hamfanyi Mungu awe amekosea; kinachofuata ni kwamba Mungu angekuwa anajua jambo jingine tangu mwanzo.

Sehemu ya pili ya kitabu inahusu hoja za kuthibitisha kuwepo kwa Mungu, na inaishia kwa hoja ya kiontolojia, ile inayojaribu kufikia kuwepo kwa Mungu kutokana na dhana yenyewe ya Mungu. Plantinga hadai kwamba hoja hiyo inathibitisha. Anadai inaonyesha kwamba kuamini hakuendi kinyume na akili. Aliyekuja kwa ajili ya tatizo la uovu anaweza kuiacha.

Kwa darasa au kikundi cha kusoma, kigawe mara tatu. Kikao cha kwanza kiishie pale kauli za Mackie zinapokwisha kupimwa, na kila mtu aje na orodha yake ya namba. Cha pili kiwe cha Curley peke yake, bila kugusa turp wala Shetani, kwa kuwa asiyeielewa nukta ya ofa hataelewa chochote kinachofuata. Cha tatu kichukue maovu ya maumbile na kujua yajayo, na Rowe asomwe wiki hiyohiyo. Mchungaji, shehe au muuguzi anayetafuta cha kumsaidia aliyefiwa aache hiki rafuni na amtazame mwanafalsafa Marilyn McCord Adams, ambaye kitabu chake cha mwaka 1999 kinauliza Mungu anaweza kumfanyia nini mtu ambaye maisha yake yameharibiwa na uovu kiasi cha kukosa maana.