Kifaa cha kupanua mdomo wa paipu ya shaba: kipi anunue fundi wa AC na friji Mwanza

Fundi akiitwa mara ya pili kwenye chumba kilekile kwa sababu AC haipoozi tena, tobo huwa haliko katikati ya paipu. Liko kwenye nati, pale mdomo wa shaba ulipopanuliwa ukakaa kwenye kiungio. Mdomo uliofunguka upande, wenye mkwaruzo, au uliokonda ukingoni hauzibi hata ukaze mpaka spana ilie. Kwa hiyo katika mkoba wa fundi, hiki ndicho kifaa cha kwanza kuwekewa hela, kabla ya geji za kidijitali na kabla ya drili mpya.

Kazi Mwanza zipo za kila namna. Kuna spliti (AC za vipande viwili, cha ndani na cha nje) za hoteli na ofisi kuanzia Capri Point hadi Nyakato, friza za samaki kuzunguka mwalo wa Kirumba, friji za soda na dawa unazovukia kivuko kuzifuata Ukerewe. Kifaa kimoja hakimalizi zote, na anayenunua bila kujua kazi yake inaegemea wapi hurudi dukani baada ya muda mfupi.

Kuna kupanua kwa aina mbili. Fleringi inaufungua mdomo kwa nyuzi 45 ili ukae chini ya nati. Swejingi inautanua mwisho wa paipu ili paipu nyingine ya saizi ileile iingie ndani, kisha unachomelea. Spliti inakula fleringi karibu kila mahali inapoungwa. Friji na friza za nyumbani zinakula swejingi. Friji nyingi mpya zina gesi ya R600a, ambayo inashika moto, na humo usifikirie kabisa kuweka kiungio cha nati. Gesi inatolewa, mfumo unasafishwa kwa naitrojeni, ndipo unachomelea. Ama unatumia viungio vya pete vya kubana bila moto. Mafundi wa mitambo mikubwa ya amonia wao wanafanya kazi na paipu za chuma, maana amonia inakula shaba, kwa hiyo mwongozo huu hauwahusu.

Jambo lililobadilisha hesabu ni gesi zenyewe. Mchana wa jua kali, kondensa (sehemu ya nje inayotoa joto) ikiwa imepashwa na ukuta wa zege, gesi inaweza kuwa inageuka kimiminika kwenye nyuzi 45 za Selsiasi. Hapo gesi ya zamani ya R22 ina presha ya takribani baa 16. Gesi ya R410A katika joto hilohilo ina takribani baa 26, na R32 iko juu yake kidogo. Mdomo uliostahimili R22 miaka kumi unaweza kuvuja kwa R410A ndani ya wiki. Watengenezaji waliliona hilo, wakapanua mdomo na kuongeza unene wa nati: nati ya nusu inchi iliyokuwa ya spana 24 ikawa 26, na ya inchi 5/8 ikatoka 27 ikawa 29. Ukichukua nati ya R22 kutoka kopo la vipuri vya zamani ukaifunga kwenye spliti ya R410A, umeharibu kazi kabla hujaweka gesi.

Sasa mpangilio wangu, nikianza na ninachokiona bora.

Cha kwanza: koni ya pembeni yenye klachi

Huyu ndiye namba moja kwa yeyote anayefunga au kutengeneza spliti. Koni yake, ile ncha inayoufungua mdomo, haikai katikati. Imewekwa pembeni kidogo, hivyo unapozungusha mpini inaviringika juu ya ukingo wa shaba na kuukandamiza pole pole pande zote. Haikwaruzi. Mdomo ukishafika kipimo, klachi inaachia na unasikia mlio. Ukiendelea kuzungusha, koni haishuki tena. Hiyo klachi ndiyo unayoilipia. Bila hiyo, unene wa mdomo unategemea mkono wako ulivyoamka siku hiyo, na mdomo wa saa tatu asubuhi hautafanana na wa saa kumi jioni ukiwa juu ya ngazi.

Mfano unaojulikana zaidi ni VFT-808 wa kampuni ya Value ya China. Umenakiliwa mno, na nakala zina rangi ileile na sanduku lilelile. Muuzaji atakwambia, "Bosi, hii ni orijino." Usibishane naye, jaribu. Nenda na kipande chako cha paipu ya robo inchi na kingine cha nusu inchi, kikiwa kimekatwa vizuri na kusafishwa ukingo. Kabla ya kuweka paipu, shika koni kwa vidole viwili uitikise: ikicheza kama jino linalotaka kung'oka, rudisha. Iangalie kwenye mwanga. Inatakiwa kung'aa laini, isiwe na mistari ya mashine. Kisha funga baa, ile inayobana paipu, na utazame matundu, nusu mbili za kila tundu zikutane bila ngazi, maana ngazi hiyo itajichora kwenye mgongo wa mdomo wako. Bana paipu, zungusha mpaka klachi iachie, zungusha tena mara chache, halafu toa.

Uso wa ndani wa mdomo ndio unaosema ukweli. Uwe kama kioo, bila mstari unaotoka ndani kwenda nje. Mstari wa kuzunguka si tatizo kubwa. Mstari wa kwenda nje ni njia ya gesi. Pitisha kucha juu ya ukingo: uwe na unene uleule pande zote. Vesha nati, mdomo ukae ndani ya nati bila kugusa nyuzi zake za kukazia. Ukiwa na vernia, kile kipimo cha milimita, pima upana. Kwa R410A, robo inchi inatakiwa kuwa kati ya milimita 8.7 na 9.1, 3/8 kati ya 12.8 na 13.2, nusu kati ya 16.2 na 16.6, na 5/8 kati ya 19.3 na 19.7. Muuzaji anayekataa usijaribu kwa paipu yako mwenyewe ameshakujibu.

Uliza pia kama kifaa kimetengenezwa kwa ajili ya R410A. Kikiwa hivyo, paipu inatokeza juu ya baa milimita 0 hadi 0.5 tu. Klachi za zamani za R22 bado zinafaa, lakini utatokeza milimita 1 hadi 1.5, na utahitaji kipimo cha bapa cha kuwekea hapo. Ridgid na Rothenberger wanatengeneza vya daraja hili vinavyodumu kuliko nakala za 808, ila bei ni nyingine kabisa. Fundi mwenye mkataba wa jengo zima anarudisha hela hiyo. Fundi wa kazi mbili tatu kwa wiki aridhike na 808 nzuri, na chenji aweke kwenye mtungi wa naitrojeni.

Cha pili: koleo la mikono miwili la swejingi

Kwa fundi wa friji na vyumba vya baridi, hiki kinapanda namba moja. Ni mikono miwili mirefu, kichwa cha vipande kinachoingia ndani ya paipu. Unabana, vipande vinatanuka kwa pamoja. Rothenberger ndiyo wenye jina hapa, na nakala za China zinafanya kazi vizuri kuliko unavyotegemea, kwa sababu hakuna klachi ya kuharibika. Bana mara moja, zungusha paipu kidogo, bana tena, na alama za vipande zitafutika. Paipu iingie ndani ya nyingine kwa kina kinachokaribia upana wake, nafasi iwe ndogo kiasi kwamba fedha ya kuchomelea inavutwa yenyewe ndani.

Angalia vichwa kabla ya bei. Koleo zuri lenye kichwa cha nusu na 5/8 peke yake halikufai kwenye friza ya dukani yenye robo na 3/8. Na shaba iwe laini. Paipu ngumu za fimbo zipashe moto kwanza hadi ziwe nyekundu kidogo, ziache zipoe, ndipo upanue. Ukiilazimisha itapasuka kwa urefu.

Cha tatu: seti ya kawaida ya koni iliyonyooka

Hii ndiyo kila duka la vipuri linayo: baa yenye matundu, nira yenye skrubu, koni inayoshuka moja kwa moja. Ni rahisi, na mwanafunzi anayetoka kwenye mafunzo ya VETA aanze nayo bila aibu. Kwa robo na 3/8 kwenye mifumo ya R134a na R22 inatosha, mradi uweke tone la mafuta ya kompresa kwenye koni na usikaze mpaka mwisho wa nguvu zako. Kwa R410A tokeza paipu milimita 1.5 hadi 2 na upime kila mdomo kwa vernia, kwa sababu hakuna klachi ya kukuzuia. Kwenye nusu na 5/8 mkono unachoka na koni inaanza kusaga shaba. Hapo ndipo mistari inapotokea.

Kuna mtego kwenye rafu hii. Seti za paipu za breki za magari zinafanana nazo sana. Utazitambua kwa vidude vidogo vyenye umbo la uyoga vilivyopangwa kwenye sanduku, na matundu mengi ya milimita, 6, 8, 10. Paipu zetu ni za inchi: 6.35, 9.52, 12.7, 15.88. Tundu la milimita 10 halibani 9.52, paipu itateleza. Zipo pia za nyuzi 37, za mabomba ya haidroliki. Soma maandishi kwenye baa yenyewe, usisome sanduku.

Cha nne: ngumi za swejingi za kupiga nyundo

Bei ndogo, haziharibiki, na zinaingia mfukoni ukipanda boti kwenda visiwani. Kama chombo cha akiba nazikubali. Kama chombo cha kila siku, hapana: nyundo ikipiga upande kidogo tundu linapinda, na fedha itajaa upande mmoja na kukosekana mwingine.

Vya mwisho: biti za drili

Zinauzwa kwa bei ya kuvutia na video zinaonyesha mdomo umefunguka kwa sekunde tatu. Zinapasha shaba kwa msuguano, unene unatawanyika ovyo, na usawa wa mdomo unategemea drili ilivyoshikwa. Kwenye presha ya baa 26 sitaziamini, na mteja anayelipia gesi asiziamini. Mashine za betri zenye koni ya pembeni ni jambo tofauti. Hizo ni nzuri kweli, lakini ziwazie ukiwa na spliti nyingi za kufunga kwa mfululizo.

Ukiagiza Dar, mwambie anayekutumia afungue sanduku na kukupigia picha ya koni kwa karibu kabla mzigo haujapanda basi. Ukishaupokea stendi ya Nyegezi, kurudisha ni nauli juu ya nauli.

Kifaa bora hakiokoi paipu mbovu. Ukuta wa shaba uwe milimita 0.8 kwa robo hadi nusu, na 1.0 kwa 5/8. Rola za paipu zenye ukuta mwembamba zipo sokoni, nyepesi mkononi na za bei ya kuvutia, nazo hupasuka mdomoni. Ongeza kwenye manunuzi kikata paipu chenye gurudumu kali na rima ya kusafisha ukingo wa ndani. Ukisafisha, elekeza mdomo chini ili vumbi la shaba lidondoke nje, lisiende kwenye kompresa. Futa koni kwa kitambaa chenye mafuta kila jioni, hasa ukifanya kazi mwaloni. Ziwa letu halina chumvi, lakini unyevu wake unatosha kuweka kutu kwenye koni, na kutu hiyo ndiyo itakayokwaruza mdomo wa kesho.

Na kama hela imebaki, nunua spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza. Robo inchi inakazwa kwa niutoni-mita 14 hadi 18, 3/8 kwa 34 hadi 42, nusu kwa 49 hadi 61, na 5/8 kwa 68 hadi 82, huku spana ya pili ikishikilia kiungio kisizunguke.